Mazoezi, homoni na mishipa ya damu: tathmini ya kifurushi cha wanawake waliokoma hedhi mjini Kampala

Huduma ninayoitathmini huuzwa kama kifurushi cha miezi mitatu kwa wanawake waliokoma hedhi, na ndani yake mna mambo matatu: vipimo vya mwanzo na vya mwisho, darasa la mazoezi mara tatu kwa wiki, na miadi ya daktari kuhusu tiba ya homoni. Hutolewa na kliniki ndogo ya watu binafsi iliyo ghorofani juu ya maduka, si mbali na Old Kampala, na nilipojiandikisha bei yake ilikaribia shilingi laki sita bila dawa, ambazo kila mmoja hujinunulia. Jina la kliniki nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa baadhi ya malalamiko yangu yanamhusu daktari ambaye hayupo hapa kujitetea. Isitoshe, vifurushi vya namna hii hunadiwa kwingine mjini kwa maneno yaleyale, na anayefikiria kulipia kimojawapo anaweza kukipima kwa vigezo hivihivi.

Nitangulize hukumu yangu. Darasa la mazoezi pesa yake ni halali, na ningelilipia peke yake bila kusita. Vipimo vinategemea umeangukia mikono ya muuguzi yupi. Upande wa homoni, ambao ndio uliobeba tangazo lote, unauza kitu ambacho tafiti kubwa zilikwisha kukikataa, kwani bango lililobandikwa mapokezi linasema kwa herufi kubwa kwamba homoni "husafisha mishipa ya moyo", na mwanamke mwenye hofu ya kiharusi akisoma hivyo atalipa kwanza na kuuliza baadaye.

Uzito wa ahadi hiyo hauonekani mpaka mtu ajue kinachotokea mwilini hedhi inapokoma. Homoni ya estrojeni inayotengenezwa na ovari haikuwa na kazi ya uzazi peke yake. Miongoni mwa kazi zake nyingine ni kuuchochea utando mwembamba unaofunika ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) kwa ndani utoe gesi ya nitriki oksaidi, ambayo huilegeza misuli ya ukuta wa mshipa ili damu ipite bila kulazimishwa. (Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo ndio uliowapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998.) Estrojeni inapopungua, uwezo huo wa utando hudhoofika, na ateri kubwa, ambazo tangu ujana hutanuka kila moyo unapopiga na kurudi zilivyokuwa, huanza kukakamaa kwa kasi zaidi. Ateri iliyokakamaa ni kama mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa juani misimu mingi: maji bado yanapita, ila kila msukumo hufika mbele na nguvu zake zote, kwa sababu ukuta haupokei chochote. Na wanaoupokea msukumo huo ni ubongo, figo na moyo wenyewe. Ndiyo maana presha ya juu, ile namba ya kwanza inayotajwa, hupanda kwa wanawake wengi baada ya kukoma hedhi hata kama walikuwa salama maisha yao yote.

Hapa Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa takriban asilimia 26 ya watu wazima wana shinikizo la juu la damu, na kati ya wenye hali hiyo chini ya mmoja katika kumi ndiye aliyejua kuwa anayo. Wakati huohuo, ulinganisho wa nchi 168 uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 uliiweka Uganda mahali pa kwanza kwa watu wasiobweteka: ni asilimia 5.5 tu ya watu wazima waliohesabiwa kuwa hawafanyi kazi ya mwili ya kutosha. Sifa hiyo tumeitangaza sana, na wakulima wetu wanaistahili. Lakini mama wa mjini aliyeacha jembe miaka thelathini iliyopita, anayekaa dukani kutwa nzima na kupanda bodaboda hata kwa safari ya kutoka kituoni hadi mlangoni kwake, haimhusu, na mimi nilipotazama watu niliosajiliwa nao sikumwona hata mmoja aliyetoka shambani.

Sasa vipimo. Siku ya kwanza hupimwa presha, sukari, lehemu, uzito na mzunguko wa kiuno, na majibu hutolewa kwa karatasi iliyopangwa vizuri, jambo ninalolisifu, kwa maana mgonjwa ana haki ya kwenda na namba zake nyumbani. Tatizo lipo katika namna ya kupima. Muuguzi kijana alimpokea mama mmoja aliyevaa gomesi, vazi refu la kina mama wa Uganda, akamkalisha kwenye stuli isiyo na egemeo mara tu baada ya kupanda ngazi, akamfunga mkanda wa presha juu ya mkono wa gomesi, pale panapotuna na kusimama juu ya bega, kisha akamuuliza habari za watoto mashine ikiwa inajaza upepo. Kila kitu katika kipimo kile kilikuwa kinapandisha namba au kuiyumbisha. Muuguzi mwenzake, mama wa makamo, alikipima upya. Alimpumzisha dakika tano kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili sakafuni, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, nguo imevuliwa begani nyuma ya pazia, mkanda mpana zaidi kwa sababu mkono ulikuwa mnene, na hakuna aliyesema neno. Kabla ya hapo alimuuliza kama angependa kwenda haja ndogo, kwani kibofu kikijaa presha hupanda. Akapima mara mbili na kuandika zote. Tofauti kati ya namba za muuguzi wa kwanza na za wa pili ilitosha kumtoa mama yule katika kundi la wanaohitaji dawa na kumweka katika kundi la wanaohitaji kufuatiliwa. Msomaji akienda popote, hapa au kwenye duka la dawa la mtaani, ana haki ya kudai apimwe kama alivyopima mama yule.

Kipo pia kifaa cha kubana kidoleni ambacho baada ya dakika chache hutoa karatasi yenye "umri wa mishipa". Mtu wa miaka 56 anaambiwa mishipa yake ina miaka 68, anatetemeka, na mara hiyohiyo anaonyeshwa kifurushi. Sikushawishika. Watafiti wanaotaka kujua ukakamavu wa ateri hupima kasi ya wimbi la mapigo kati ya shingo na kinena, na wanaotaka kujua afya ya utando wa ndani hufunga mkanda mkononi kwa dakika tano, wakauachia ghafla, na kuangalia kwa ultrasaundi jinsi ateri ya mkono inavyotanuka damu inaporudi kwa kishindo. Ni kazi ya mtaalamu, inahitaji chumba tulivu na mgonjwa aliyefunga kula. Kifaa cha kidoleni kinakisia tu, na kubadilika kwake kati ya mwanzo na mwisho wa miezi mitatu hakunipi mimi habari yoyote ninayoweza kuitegemea. Presha iliyopimwa vizuri ingetosha.

Nije kwenye darasa, ambalo ndilo lililonifurahisha. Mwalimu ni dada wa Kinubi aliyekulia Bombo, na anafundisha kwa Kiswahili, jambo lililotuunganisha kwa sababu walikuwemo mama wa Arua, mama wa Mbale, mjane wa askari aliyezoea Kiswahili cha kambini, na sisi wa Old Kampala. Kila kipindi ni dakika 50, kwa hiyo vitatu vinafikisha dakika 150, ambacho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2020 kwa mazoezi ya wastani kwa wiki. Pendekezo lenyewe ni kati ya dakika 150 na 300, pamoja na mazoezi ya misuli walau siku mbili. Siku mbili za wiki tunakuwa ukumbini, kwenye baiskeli za mazoezi zisizotembea, mikeka na vyuma vidogo. Siku ya tatu, asubuhi ya Jumamosi, darasa hutoka nje na kutembea kwa mwendo wa haraka katika barabara ya Kabaka Anjagala, ile inayonyooka kama maili moja kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, hadi lango la Lubiri, kasri la Kabaka. Njia hiyo imechaguliwa kwa busara: ina upana, ina kivuli cha kiasi, ina kushuka na kupanda, na mtu anaweza kuipima maendeleo yake kwa kuhesabu sanamu za miziro, yaani alama, ya koo za Buganda anazozipita kabla ya kuhitaji kupumzika.

Namna anavyopima ukali wa zoezi inafaa kuigwa. Ukutani ukumbini kuna jedwali la mapigo ya moyo linalotumia kanuni ya zamani ya 220 ukitoa umri. Kanuni iliyochapishwa mwaka 2001 na Hirofumi Tanaka na wenzake, 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, huwafaa zaidi wenye umri mkubwa; kwa mtu wa miaka 60 ya zamani inatoa 160 na hii inatoa 166. Zote mbili hazimsaidii mama anayemeza dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, na darasani wa namna hiyo walikuwepo. Mwalimu wetu hakulitazama jedwali hata siku moja. Alikuwa anakuja ubavuni mwa mtu katikati ya kilima na kumuuliza, "Hajati, nyanya pale Nakasero leo wanauza vipi?" Hajati akieleza bei, ubora na tabia ya muuzaji bila kukata pumzi, aliambiwa aongeze mwendo. Akijibu kwa sentensi moja kamili kisha akahitaji kuvuta hewa, aliachwa hapohapo, maana hiyo ndiyo kadiri inayotakiwa. Akishindwa kumaliza jina la soko, alipunguziwa mara moja. Mazungumzo ya bei ya nyanya yalitufanyia kazi ya saa za mkononi ambazo wengi wetu hatuna.

Kuhusu vyuma, alikuwa mkali kwa jambo moja: pumzi isishikwe. Anayenyanyua huku amebana pumzi hupandisha presha ghafla, na kwa mwenye ateri zilizokakamaa hilo si jambo la mzaha. Kwa hiyo tulitoa pumzi kwa sauti tunaponyanyua, tukawa kelele tupu. Mazoezi ya vyuma yanahitajika kwa ajili ya misuli na mifupa, ambayo nayo hupungua nguvu estrojeni ikiondoka, lakini kwa ulaini wa mishipa mzigo mkubwa hubebwa na kutembea, kuendesha baiskeli na kuogelea. Uwiano wa darasa ulizingatia hilo.

Je, kutembea kunafanya nini hasa kwa ateri za mwanamke aliyekoma hedhi? Hapa sayansi ina habari njema na habari ya kustaajabisha. Habari njema ni kwamba wanawake wa umri huo wanaofanya mazoezi ya kuhemesha, kama kukimbia, kwa miaka wana ateri za shingoni zinazotanuka vizuri kuliko wenzao wanaokaa, na wale waliokuwa wakikaa, walipoanzishiwa mwendo wa haraka kwa takriban miezi mitatu, ulaini wa ateri hizo uliongezeka bila homoni yoyote. Ni kazi za Kerrie Moreau na wenzake wa Colorado. Habari ya kustaajabisha inatoka kwa watafiti haohao: walipopima ule utando wa ndani kwa mkanda na ultrasaundi, mwendo wa haraka uliwanufaisha wanaume wa makamo, ilhali kwa wanawake wenye estrojeni ndogo faida hiyo haikuonekana, mpaka mazoezi yalipoambatana na estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulihitimisha kuwa estrojeni ina nafasi ya lazima katika jinsi utando ule unavyoitikia mazoezi.

Ni rahisi kuuchukua utafiti huo na kuugeuza tangazo la dawa, na nashuku kwamba hivyo ndivyo bango la mapokezi lilivyozaliwa. Lakini utando wa ndani ni kipimo kimoja. Presha, sukari, uzito, ulaini wa ateri kubwa na uwezo wa moyo huitikia mazoezi hata bila homoni, na huko Copenhagen watafiti waliowapandisha wanawake baiskeli za ukumbini kwa miezi mitatu, mazoezi ya kasi, walikuta kwamba waliokoma hedhi muda si mrefu walinufaika sawa na wale wa rika lao ambao hedhi ilikuwa bado haijakoma. Ninachokichukua mimi ni kwamba miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma ni ya thamani, na anayeahirisha mazoezi hadi atakapostaafu anapoteza muda mzuri.

Basi nieleze miadi ya homoni. Nilipoingia, daktari alikuwa ameshaandika nusu ya karatasi. Hakuuliza kama nina mfuko wa uzazi au ulitolewa. Hakuuliza kuhusu saratani ya matiti katika familia, damu kuganda miguuni, kutokwa damu kusikoelezeka, ini, wala kiharusi. Aliuliza umri, akasema, "Mama, hivi vitakulinda na moyo," akasukuma karatasi upande wangu. Miadi yote haikufika muda wa kuchemsha chai. Kumpa estrojeni peke yake mwanamke mwenye mfuko wa uzazi huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa mfuko huo, na ndiyo maana huongezewa homoni nyingine, projesteroni. Swali lile la kwanza, kwa hiyo, si la adabu tu, ndilo linaloamua ni dawa ipi. Mwenzangu darasani aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi miaka mingi nyuma alikuwa ameandikiwa kilekile nilichoandikiwa mimi.

Ahadi ya kulindwa na moyo ina historia, na daktari alipaswa kuijua. Hadi miaka ya 1990 iliaminika sana, kwa sababu wanawake waliotumia homoni walionekana kupata maradhi ya moyo kwa uchache. Walionekana hivyo kwa sehemu kwa kuwa walikuwa na uwezo zaidi, elimu zaidi na afya bora tangu mwanzo. Mwaka 1998 utafiti uitwao HERS, uliowagawa kwa bahati nasibu wanawake 2,763 waliokuwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo, haukuonyesha kinga yoyote, na katika mwaka wa kwanza waliomeza homoni walipata matukio ya moyo zaidi ya waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Kisha ukaja utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kama WHI. Ule wa wanawake 16,608 wenye mfuko wa uzazi, waliopewa estrojeni pamoja na projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni), ulisimamishwa Julai 2002. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka mmoja, kulikuwa na matukio 7 zaidi ya moyo, viharusi 8 zaidi, matukio 8 zaidi ya damu kuganda mapafuni na saratani za matiti 8 zaidi. Kwa upande wa pili zilipungua saratani 6 za utumbo mpana na mivunjiko 5 ya nyonga. Namba hizo ni ndogo kwa mtu mmoja mmoja, na waliokimbia dawa kwa hofu wakati ule walikimbia kupita kiasi. Lakini zinatosha kabisa kulishusha bango.

Wastani wa umri wa wanawake wa WHI ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wamekoma hedhi zamani, na hapo ndipo hoja ya wakati ilipopata nguvu: huenda estrojeni huisaidia ateri iliyo bado safi na kuidhuru ile ambayo tayari ina mafuta yaliyojikusanya ukutani. Utafiti wa ELITE, uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na wanawake 643, uliipima hoja hiyo kwa kuangalia unene wa ukuta wa ateri ya shingo. Kwa waliokoma hedhi chini ya miaka 6, ukuta uliongezeka kwa milimita 0.0044 kwa mwaka walipomeza estradioli, na 0.0078 walipomeza vidonge vitupu; kwa waliopitisha miaka 10 au zaidi haikuwepo tofauti. Hata hivyo utafiti mwingine, KEEPS, wa wanawake 727 waliokuwa ndani ya miaka 3 tangu hedhi ya mwisho, haukupata tofauti katika unene huo baada ya miaka 4. Ndiyo maana mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga ya maradhi la Marekani, baada ya kupitia ushahidi wote, lilipendekeza homoni zisitumiwe kwa lengo la kuzuia maradhi sugu kwa wanawake waliokoma hedhi, na chama cha madaktari wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini, ambacho si adui wa homoni hata kidogo, kikasema mwaka huohuo kwamba faida yake kuu ni kwa joto la ghafla, usiku wa jasho, ukavu wa uke na kulinda mifupa, kwa walio chini ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome.

Kwa mambo hayo homoni ni dawa nzuri. Wapo darasani waliokuwa wanaamka usiku mara nyingi shuka zimelowa, na usingizi uliporudi walianza kuhudhuria bila kukosa; ukiniuliza, huo ndio msaada mkubwa zaidi ambao homoni iliutoa kwa mishipa yao. Kwa upande mwingine mwalimu wetu, pamoja na sifa zangu zote kwake, hakuwa sahihi aliposema mazoezi yangemaliza joto la ghafla. Hilo halijathibitika, na mwanamke anayeteseka asiambiwe aendelee kutembea tu.

Katika miadi ya pili tulimpata daktari mwingine, mwanamke, na mambo yakawa tofauti. Aliuliza yote yaliyokuwa hayajaulizwa, akatuonyesha kwamba estrojeni inayopitia ngozini, kwa kibandiko au jeli, haijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge vinavyopitia ini, akakiri kuwa pale kwao wana vidonge tu. Mwenzangu aliyetolewa mfuko wa uzazi alibadilishiwa dawa. Hajati mmoja aliuliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo moyoni: je, ni kweli dawa hizi hutokana na mkojo wa farasi? Daktari hakucheka. Alieleza kuwa estrojeni iliyotumika katika WHI ilitolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, na kwamba estradioli ya siku hizi hutengenezwa kutokana na mimea, kwa hiyo mwenye kujali hilo asome jina kwenye pakiti. Majibu ya namna hiyo ndiyo niliyokuwa nimeyalipia tangu siku ya kwanza.

Karatasi ya lishe waliyotugawia haihitaji maneno mengi. Imenakiliwa kutoka ng'ambo, inasifu samaki wa maji baridi ya kaskazini na mafuta ya zeituni, na haina neno kuhusu mukene (dagaa), mboga za majani kama dodo na nakati, wala maharage, vyakula ambavyo tunavyo sokoni kila siku. Chumvi imetajwa mara moja, kwa herufi ndogo, ilhali kwa mwenye presha ndiyo ilipaswa kutangulia.

Kwa anayetaka kujisajili, ushauri wangu ni huu. Muulize mhasibu bei ya darasa peke yake. Haimo kwenye bango lakini ipo, na ni chini ya nusu ya kifurushi. Mwenye maumivu ya kifua, anayeishiwa pumzi kwa hatua chache, au aliyewahi kupata kiharusi asianzie hapa, aanzie kwa daktari wa moyo; Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Mulago. Anayetaka homoni kwa sababu ya joto la ghafla aombe miadi na daktari wa kike, ambaye hukaa saa za alasiri, na aende na orodha ya maradhi ya ukoo wake iliyoandikwa. Kwenye vipimo vaa nguo yenye mikono inayopandishwa kwa urahisi, na kifaa cha kidoleni ukikatae, kwani hulipiwa ziada. Viatu viwe vya soli nene, kwa sababu vumbi na kokoto za kando ya barabara ya Jumamosi hazina huruma, na katika miezi ya mvua njooni na mwavuli, maana mwalimu haahirishi kwa manyunyu. Mwezi wa Ramadhani darasa huhamishiwa baada ya tarawehe na hufanyika ukumbini tu, kwa mwendo wa polepole. Wasiofunga wanaweza kubaki na saa za kawaida, mradi wafike sita au zaidi.